Nimemwombea mfalme wa kitabuni

Shoga, leo nimeumbuka mbele ya kikundi kizima cha maombi!

Ile riwaya ya mfalme na malkia, sehemu ya pili. Tamu, nakwambia! Ya kwanza alinisomea marehemu mume wangu. Hii naisoma mwenyewe, tangu nianze masomo ya jioni.

Sasa mfalme kaugua. Nikashindwa kuvumilia, nikasema, "Jamani, tumwombee mgonjwa, hali yake mbaya." Wote wakapiga magoti!

Mama mwenyekiti akauliza, "Amelazwa wodi gani, dada?"

Wodi gani! Nikajikuta nimejibu, "Ya saba." Alikofia mume wangu.

Nikakiri yote huku nalia. Hakuna aliyecheka. Mama mwenyekiti akanishika mkono: "Msisimame. Sasa tumwombee malkia."