Nzi wa Mizinga ya Aabo

Nyuma ya Shule ya Msingi,
Rhamu, Mandera.
9 Desemba 2024.

Mpendwa walaal, ndugu yangu Ilhan,

Assalamu alaykum warahmatullah. Habari za Uswidi na baridi yake? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama wiki ile? Vaa soksi mbili, wacha urembo. Huku sisi wazima, alhamdulillah. Mama anasumbuliwa na goti tu, na mimi nimepewa darasa la nne lenye watoto sabini na wawili, kwa hiyo mgonjwa ni koo langu, hata sasa likizoni. Nakuandikia kwa Kiswahili kama kawaida yetu, maana Kisomali chako cha Nakuru hakijawahi kufika kwenye karatasi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu ni baba, Aabo. Tangu macho yake yazime kabisa, nikishika simu tu anakuja kukaa kando yangu, anauliza kama ni wewe na umesema nini. Na wewe ni mvivu wa kuandika, kila kitu unakirekodi. Kaka yangu Awil anakwenda Nairobi keshokutwa, ataiposti barua hii huko. Nakuomba unijibu kwa maandishi.

Unaikumbuka mizinga? Ulipokuja mara ya mwisho ilikuwa kumi na mmoja, pale shambani kando ya mto Daua, kwenye mindimu. Ngamia Aabo alimwachia Awil, vitunguu akamwachia Mama. Nyuki ndio kazi aliyobakisha, kwa sababu anasema nyuki hana haja ya kuonwa. Kila asubuhi anashika kamba niliyomfungia kutoka mlangoni hadi shambani, anaweka sikio kwenye mzinga mmoja baada ya mwingine, kisha anatupa habari: huu una njaa, huu una malkia mpya, huu una hasira leo, Ruweyda usiukaribie. Nami niliwahi kumbishia mara moja nikaumwa mara tano.

Tangu Septemba nilianza kuokota nyuki waliokufa chini, matumbo yamevimba. Na kwenye maua ya ndimu nikawa namwona yule mdudu niliyekuuliza habari zake: kiuno chembamba cha nyigu, mistari ya nyigu, kichwa kikubwa kuliko haki yake. Anamvizia nyuki, anamrukia hewani, wanaanguka pamoja, kisha kila mmoja anaenda zake. Yarow wa duka la dawa za mifugo aliniambia, "Walaal, dawa ya kupe ninayo, ya minyoo ninayo. Ya nyuki sijawahi kuulizwa tangu nizaliwe."

Nilikutumia picha sitini na nne. Nililala kifudifudi kwenye tuta la vitunguu mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepoteza pete. Profesa wako wa wadudu akasema ni nzi mwenye kichwa kinene, lakini wako wa aina nyingi, wengine huvamia nyuki wa asali na wengine nyuki wa porini tu. Ili amjue ni yupi, anataka kuuona mdomo kwa ubavu, kama umekunjika mara moja au mara mbili, tena tumbo kwa chini, tena mishipa ya bawa. Simu yangu ina kioo kilichopasuka, na mdudu mwenyewe hatulii hata sekunde mbili. Picha iliyo safi ni ya mgongo, ile ya ubavu ni ukungu mtupu. Ndipo akasema basi nimuue mmoja, nimtie kwenye chupa, nimtume.

Hapo ndipo Aabo alipokataa. "Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kuua nyuki," akasema. "Wewe unamwona, mimi simwoni. Umeniambia ana kiuno, ana mistari, anakaa kwenye maua. Nitajuaje si nyuki?" Nikamwambia ni nzi, ana mabawa mawili tu, nyuki ana manne. Akaniuliza, "Umeyahesabu?" Kwenye picha zote alikuwa ameyalaza mgongoni. Sikuweza kuapa. "Haye," akasema, "wenye elimu wamtaje jina lake. Wakishamtaja, nitamuua kwa mkono wangu." Na profesa hawezi kumtaja mpaka auawe. Nilizunguka na jambo hilo wiki tatu, Ilhan, kichwa kikaniuma.

Wakati huo mizinga ilikuwa ikinyamaza. Kila mzinga mmoja uliponyamaza, Aabo alisema wamehama, nyuki huhama, watarudi mvua ikitulia. Ikabaki mitatu, ikabaki miwili.

Ujumbe wako wa Ijumaa niliusikiliza njiani, nikausikiliza tena. Kwamba ni nzi bila shaka, picha ya arobaini na moja inatosha kwa hilo. Kwamba jina lake kamili halitajulikana kwa picha. Kwamba hata likijulikana hakuna dawa, kwa sababu yai tayari liko ndani ya nyuki na funza anamla akiwa anaruka. Na kwamba profesa hana hata hakika kama ndiye aliyeimaliza mizinga. Nilikuwa nimeweka tumaini langu lote kwenye jina. Nilidhani likipatikana jina na dawa itapatikana. Aabo aliponiuliza nikasema bado wanaangalia, na ningemwambia nini? Kwamba sasa ana ruhusa ya kumuua, na haisaidii?

Jana asubuhi aliniita shambani. Alikuwa ameukumbatia mzinga wa mwisho, ule wa marehemu babu, shavu limegandamana na gogo. "Juzi niliwasikia," akasema. "Leo siwasikii. Sikiliza wewe, naona masikio nayo yananiacha."

Nikaweka sikio. Hakukuwa na kitu, Ilhan. Nilisikia pampu ya jirani tu.

Nikasema, "Wapo, Aabo. Wanavuma."

Nilitegemea atafurahi. Alijipangusa vumbi shavuni, akasema, "Basi ni masikio." Akashika kamba akarudi nyumbani. Sasa anataka Awil akirudi ampeleke Mandera mjini akapimwe. Mama hajui lolote, kwa hiyo anamwongelesha kwa kupiga kelele, na yeye anaitikia kwa kelele, na mimi nakaa katikati yao nakunywa chai. Nikimwambia kweli atapona masikio na atakosa nyuki. Nisipomwambia, mwezi huu tutakuwa na kipofu anayejiona kiziwi. Wewe umesoma, niambie nifanye nini. Mimi sijui, wallahi sijui.

Nisalimie Hani, binti yako, na umwambie meno yake mapya nimeyaona kwenye picha. Msalimie mama yako akipiga simu kutoka Nakuru. Mama na Awil wanakusalimu. Aabo naye anakusalimu sana, na ameniagiza nikuambie kwamba siku ukipiga, tafadhali upaze sauti.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini na atufungulie sote mlango wa kheri.

Dada yako anayekupenda,
Ruweyda