Muhuri Nimeondoka Nao

Guanlin,

Uji uko jikoni, upashe moto. Udi mbele ya picha ya marehemu baba yako nimeshauwasha. Chai iliyo mbele ya picha yake ibadilishe wewe.

Muuguzi wa hospitali ya Tainan alipiga simu asubuhi: "Mama, kesho uje bila kula. Fomu yako ya utafiti wa dawa ya kumbukumbu tumeipata." Fomu gani? Nikakuuliza, ukacheka: "Aa, Mama, nimekugongea muhuri wako wa jina badala ya sahihi tu, kama tunavyopokea vifurushi. Ni kwa faida yako." Kisha ukaenda zako dukani.

Mwanangu, mimi si kifurushi. Birika ninalisahau motoni, kusoma sijasahau.

Yule samaki, mwatiko, yuko kwenye friji. Usimkaange, mchemshe na tangawizi.

Baba yako alipoingia kwenye utafiti wao aliandika maswali kumi na moja nyuma ya karatasi ya kalenda. Dawa itanidhuru vipi? Damu yangu mtaifanyia nini? Nikijitoa katikati, mtaendelea kunitibu? Daktari alijibu yote, ndipo baba yako akagonga muhuri wake, kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi ile ninayo mkobani.

~~Naenda Tainan kuwaambia sitaki.~~ Naenda kuuliza. Nimempigia muuguzi, amesema ile fomu yako haihesabiki, na nikikataa, matibabu yangu hayabadiliki. Huenda nikakubali. Sijui. Tangu utoke ninaizunguka meza hii.

Kifurushi chako kikija, weka sahihi yako. Muhuri nimeondoka nao.

Mama