Mizani ya Dagaa

Kasulu,
14 Agosti 2014

Mpendwa Baba,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta hapo Kibondo ukiwa na afya, na kwamba miguu ya Mama haimsumbui kama wakati wa mvua. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yako huipokea dukani mbele ya wateja, na haya si ya wateja.

Habari za msiba umezisikia. Bazilio, mwalimu wa fizikia niliyeunda naye ile ndege, alifariki hospitalini Kabanga. Jumamosi mwili wake ulisafirishwa kwao Bukoba. Kabla ya kupanda gari, mkewe Verediana aliniuliza swali moja tu: ndege ilikosa nini? Nilimwahidi jibu.

Naomba nikueleze kwa utaratibu. Injini tuliitoa kwenye gari kuukuu. Ni ile isiyo na pistoni, bali rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba chake. Kazi yangu ilikuwa kuondoa kabureta na kufunga nozeli zinazonyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta ndogo. Hewa ya huku milimani ni nyepesi. Petroli ikizidi, injini hutapika moshi mweusi na kulegea. Nilirekebisha hadi moshi ukaisha na mlio ukanyooka.

Likabaki suala la nguvu. Ndege hufungwa kamba mkiani, kamba hufungwa kwenye gogo, na katikati huwekwa mizani. Injini ikivuta, mizani husema. Hesabu zetu zilitaka kilo mia na kumi. Pungufu ya hapo, tulikubaliana Bazilio asipae.

Ndipo nilipokuja dukani kukuomba ile mizani kubwa ya kuning'iniza unayouzia dagaa na chumvi. Ulikataa, ukasema, "Mizani ya dagaa na ndege, wapi na wapi?" Wateja wakacheka, na Mzee Ndayiragije akakutania, "Mpe mhandisi wako, Gharibu! Au unaogopa itaruka nayo?" Ukaishusha mwenyewe. Nilidhani unaionea uchungu.

Mshale uligonga mia na kumi na nne. Bazilio alinibeba mgongoni akizunguka uwanja, akisema sasa hata wanafunzi wake watoro watarudi shule.

Siku moja kabla ya kuruka ulinipigia, ukataka nirudishe mizani na nisimruhusu Bazilio kupaa. Nilipouliza sababu, ulisema moyo wako hautulii. Nilikujibu kwa kiburi cha msomi kwamba moyo si kipimo.

Kule Makere, kwenye shamba tulilolisawazisha, ndege iliinuka, ikajikokota, haikupanda. Magurudumu yalinasa kwenye mikaratusi, ikaanguka na Bazilio ndani. Baadaye nilifungua nozeli moja baada ya nyingine, nikaisoma kompyuta mstari kwa mstari. Havikuwa na kosa. Nilishuku kila kilichotoka mbali. Kilichotoka nyumbani sikukishuku.

Jana nilitundika kwenye mizani yako mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, kilo hamsini. Mshale ulisimama hamsini na saba. Nikatundika mwingine, hamsini na saba tena. Nilipofungua mfuniko wa nyuma, niliona springi imebadilishwa na kuwekwa nyingine laini zaidi. Kazi ile ni ya mkono wa mtu, si ya uchakavu.

Injini yetu ilivuta kilo mia moja, Baba. Nawe ulijua kuwa mizani inadanganya, ukashindwa kusema mbele ya uliowauzia kwayo. Ukashindwa hata kwenye simu, tulipokuwa wawili tu. Mimi nami sijitoi: mhandisi hupima kipimo chake kabla ya kupimia. Sikukipima kwa sababu kilikuwa chako.

Maofisa wa usafiri wa anga wanafika Jumatatu. Nitawakabidhi mizani, na watauliza ni ya nani. Nakusihi uje, ukae kando yangu, useme kwa kinywa chako. Nikiyasema mimi nitakuwa nimekushtaki; ukiyasema wewe utakuwa umetubu. Usipokuja, nitayasema. Jibu hilohilo ndilo nitakalomwandikia Verediana.

Mpe Mama salamu zangu nyingi. Nakuachia wewe umweleze. Msalimie Mzee Ndayiragije. Usimwambie lolote, ila akija kununua chumvi, mwongezee.

Mwanao,
Saady