Sura Yako kwa Masista wa Njiro

Kaloleni, Arusha

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo umepona, au bado unabeba viazi kama binti wa miaka ishirini? Mimi ni mzima, ila nimechoka mpaka kucha. Ningepiga simu, lakini hili ungenikatia katikati.

Hapa karakanani kwa Fundi Alfonsi, sisi vijana tunapaka mawingu na nguo za watakatifu. Sura anachora fundi peke yake. Sasa mkono wake unatetemeka, na masista wa Njiro wameagiza Mtakatifu Teresa, yule mtawa wa zamani aliyechomwa moyo na malaika kwa mshale wa moto, akabaki kati ya maumivu na raha.

Fundi akaniambia, "Sura chora wewe. Ukiharibu, urudi kwenu Makete."

Nikamjibu, "Fundi, mkono kama huu Arusha upo mmoja tu."

Mama, si unajua nilianzia kuchora vichwa kwenye vibanda vya vinyozi? Nikamchora Teresa kakodoa macho, shingo wima. Sista Mkuu akaja kumwona. "Kijana, huyu anasubiri kunyolewa." Nikamfumba macho. "Huyu sasa tumzike." Fundi hakucheka. Aliniuliza basi la kwetu linaondoka saa ngapi.

Mara ya tatu nilikuwa hoi, hata majivuno yameniisha. Nikakukumbuka unavyotua gunia la viazi pale kilimani: macho nusu, mdomo wazi, ukisemeshwa husikii. Nikachora hivyo hivyo. Hata mikunjo sikukupunguzia.

Sista aliisogelea picha, akauinamia ule uso. "Huyu ni nani?"

"Mama yangu."

"Mkatoliki?"

"Mlutheri, tena mzee wa kanisa."

Akatabasamu kidogo. "Watu watapiga magoti mbele yake. Mwombe ruhusa. Asipokubali, sichukui."

Ndiyo maana naandika. Najua kwetu picha hazipigiwi magoti. Ukikataa nitafuta, nije tubebe viazi pamoja, na nitanung'unika kidogo tu. Ila usimuulize mchungaji. Uso ni wako, si wa usharika.

Msalimie dada Neema, mwambie mdogo wake sasa anachora watakatifu, asinune. Na mjomba seremala, na bibi, umwambie nakula.

Jibu upesi, mama. Rangi bado mbichi. Ikikauka haifutiki.

Mwanao,
Tumaini