Watoto Makumi Tatu na Moja Wamefika Beni

Mama,

Wamefika. Naanza na hilo juu ya najua ungeniuliza hilo kabla sijavua viatu. Watoto makumi tatu na moja, magodoro makumi tatu na moja, ndoo, masanduku ya chuma, na kuku mmoja ambaye masera, mtawa wa jikoni, alimpa Biira mdogo kwa kuwa wa kwanza katika darasa lake. Kila mmoja yuko kwao. Hata kuku.

Ninakuandikia kwa Kiswahili. Shuleni wanasifu Kifaransa changu, na wewe ulipenda nikusomee barua za Masera Mukubwa wa internat, ile shule ya bweni ya Butembo, kwa sauti, hata pale ulipokuwa huelewi. Lakini ndani ya Kifaransa mimi naweza kujificha. Kiko na maneno mengi ya kupita pembeni ya jambo. Kwa Kiswahili chako, cha kitabu cha misa na cha parking ya mabasi, ukisema jambo limesemwa. Na mimi niko na jambo.

Ni la Pasaka.

Unajua kwetu majina yanatungoja hata kabla hatujazaliwa. Msichana wa kwanza Masika, kama mimi. Mvulana wa pili Kambale. Msichana anayekuja nyuma ya wavulana, Kahindo. Ukiita Kahindo mbele ya basi ya wanafunzi, wanageuka watano. Ile siku ya Pasaka, pale parking ya Beni, kwenye orodha walikuwa wawili: mmoja wa Bungulu, mmoja wa Mutwanga. Wewe ulikuwa juu ya basi yetu unashusha mizigo, ukanipa mimi kazi ya kukabidhi watoto. Mtu wa moto, yule wa pikipiki, akaja, akasema ametumwa kutoka Mutwanga kumchukua Kahindo. Niliita. Sauti yangu unaijua, inaishia kwenye meno. Kahindo mmoja akasogea, yule mdogo. Mtu wa moto akamkalisha nyuma yake. Na mtoto akasema, polepole sana, "Mimi niko wa Bungulu."

Nilimsikia, Mama.

Hukulijua hilo. Hakuna aliyelijua. Nilimsikia vizuri. Lakini moto ilikuwa inanguruma, watu walikuwa wananiangalia, nikaona haya kumsimamisha mtu mzima mbele za watu. Nikaangalia chini, nikaweka alama kwenye orodha.

Mtoto alilala Mutwanga. Nyanya wa kule, ambaye macho yamechoka, alimpa maharagi na wali na akashangaa mjukuu wake amekonda hivi. Kule Bungulu mama wa mtoto alilia mpaka asubuhi walipomrudisha. Wewe ukaenda kumpigia magoti. Ukamwambia Masera Mukubwa kwamba kosa ni la mwandiko wako, umeandika Kahindo mara mbili bila kuonyesha nani ni nani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimeshika pochi yako. Nilinyamaza. Nilijisemea nitakuambia Jumapili. Halafu Jumapili nyingine. Halafu damu ikakupanda, ukaanguka pale ofisini kati ya vifurushi vya watu, na neno langu likabaki mdomoni.

Sasa sikia yaliyofuata, juu ya ni mazuri.

Kilio cha kukuaga kilipoisha, Masera Mukubwa alituita, Baba na mimi. Alisema ile agence kubwa, kampuni yenye basi za televizyo, imeomba kubeba watoto wote wa internat. Alisema kwa heshima yako anatupa safari ya vakansi kubwa, likizo ndefu ya kufunga mwaka, hiyo moja. "Mutoto mumoja tu akipotea, hata kwa saa moja, donc tumemaliza." Tulirudi nyumbani. Wewe unajua hesabu ya Baba: bila watoto wa internat, basi yetu itakuwa inagombea abiria wa soko na wengine wote, na jirani alikuwa ameshakuja mara mbili kuuliza kama tunaiuza. Baba alivua kofia, akasema, "Miye nitatengeneza magari. Weye utafanya kazi ya mama yako."

Gari ni moja, unajua, lakini akiogopa anasema magari.

Alibadilisha ressort, springi za nyuma, akafungua frein, breki zote, kwa ajili ya mtelemko wa Kabasha. Na mimi nikakaa na orodha yako, najua kwamba hata nikinywa mayai mabichi, sitapata sauti ya kuita watu parking. Na majina hayanisaidii. Nikajiuliza, watoto hawa wanatofautiana kwa kitu gani? Wanatofautiana kwa mtu anayewangoja. Ndipo nikakumbuka ulichokuwa unasema ukiwa mlangoni pa ofisi, unawatambua wateja kutoka mbali: wanaume wanajuana kwa majina, wanawake kwa vitenge.

Kwa hiyo nilikwenda kuwatafuta, mmoja mmoja, wiki tatu mbele ya vakansi. Jumamosi, na Jumapili nyuma ya misa. Mimi, ambaye ulikuwa unanituma chumvi kwa jirani nikarudi mikono mitupu kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Beni mjini, kwa miguu. Mutwanga kwa moto, miguu yote vumbi. Mbau tulikwenda asubuhi, magari mengi kwa pamoja, tukarudi mapema, barabara ile unaijua, si ya kupita jioni. Kila nyumba nilisema yaleyale: nipe vipande viwili vya kitenge chako, kimoja nitamfunga mtoto mkononi, kingine nitafunga kwenye godoro lake. Siku ya kumpokea, uje umejifunga kitenge kilichobaki. Asiye nacho hapewi mtoto.

Utacheka. Wamama tisa walinipa kitenge kimoja. Tisa, Mama. Kile cha wamama wa parokia, cha bluu chenye Bikira Maria, juu ya walitaka kunipa kilicho cha heshima. Nilikuwa nimejaza mfuko, nimefurahi, nikavimwaga mezani mbele ya Baba, nikaona Bikira kila mahali. Baba alicheka mpaka akashika meza. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu tukuzike. Nikarudi nyumba zote tisa kuomba kingine. Mmoja wa Mbau aliniuliza, "Sasa Bikira amekukosea nini?" Mwingine alisema alipima mara tatu kabla ya kukata, ili asipitishe makasi kwenye uso wa Bikira.

Bungulu niliiacha mwisho.

Mama Kahindo alinikuta nimesimama nje ya mlango, sijui tangu saa ngapi. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kitenge. Yakatoka mengine. Nilimwambia, "Mama, ile siku mtoto wako alisema yeye ni wa Bungulu. Miye nilimusikia. Nilinyamaza." Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliendelea kuchambua. Halafu akasema, "Mama yako alikuya hapa, akapiga magoti kwenyi hii vumbi. Weye ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa nyuma yake.

Aliingia ndani. Nilidhani mazungumzo yameisha, na nilikuwa tayari kwenda. Akatoka na libaya, blauzi ya kitenge aliyovaa harusini kwa dada yake, ya manjano yenye ndege, akakata upindo mbele yangu bila kupima. "Beba. Hii haiko na mwenzake mu Beni yote. Ukinipotezea tena, usirudi."

Siku yenyewe tuliondoka Butembo na Masera Mukubwa ameketi mbele, karibu na Baba. Hakuwa ametuambia kwamba atapanda. Alifika na mfuko wake mdogo, akasema anataka kuona Beni. Baba aliendesha kama aliyebeba Ekaristi. Mimi nyuma nilipita kiti kwa kiti, naangalia mikono: manjano yenye ndege, nyekundu yenye maboga, kijani yenye funguo. Watoto walikuwa wanashindana kitenge cha nani kizuri. Kahindo mdogo aliniangalia, akaangalia mkono wake. Sisi wawili tunajuana.

Parking ya Beni ilijaa. Na Mama, laiti ungeona. Sikuita jina hata moja. Nilisimama mlangoni pa basi, na wao walikuwa pale, wamejifunga rangi zao, na watoto walikuwa wanaziona kupitia vioo wakiwa bado ndani na kupiga kelele wao wenyewe. Mtoto anashuka, kitenge kwa kitenge, godoro kwa godoro, anayefuata. Wale wa agence kubwa walikuwa pembeni na kipaza sauti, wanaita Kambale, Kambale, na akina Kambale wote wanakuja.

Akabaki mmoja, Mireille, mtoto wa kapiteni aliyeletwa huku kutoka Kasai. Mwaka wake wa kwanza. Mkononi alikuwa na zambarau. Akaja askari, mkubwa kwa mwili, akasema kapiteni yuko kazini, amemtuma kuchukua mtoto. Hakuwa na kitenge. Nilimuuliza Mireille kwa jicho kama anamjua. Akatikisa kichwa.

Nikasema siwezi. Askari hakusikia, juu ya nilisema kwa meno. Akamshika mtoto begani.

Mama, sijui ilitoka wapi. "Acha mutoto."

Parking yote iligeuka. Hata wenye kipaza sauti.

"Petite, unajua uko nasemesha nani?"

"Sijui. Ndiyo maana sitakupatia mutoto. Hauna kitenge, hautamubeba."

Alicheka kidogo, akaangalia watu, akaona hawacheki. Mama Kahindo, ambaye alikuwa ameshampata wake na angeweza kwenda, alirudi akasimama upande wangu na ndege zake za manjano. Halafu mwingine. Halafu yule wa Mbau. Mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko wa Mireille na haukutoka. Tukangoja hivyo. Jua lilikuwa kali. Mwishoni akaja mwanamke anakimbia, kiatu kimoja mkononi, amejifunga zambarau. Mtoto akapaza sauti. Yule askari kweli alikuwa ametumwa; mama mtu alikuwa amekwama kwenye kizuizi, na kapiteni hakujua habari ya kitenge. Askari alinipigia saluti, ya mchezo, lakini alipiga. "Kapiteni atasikia," akasema. "Mulinzi wa mutoto wake ni huyu hapa."

Walipokwisha kwenda wote, nilimwendea Masera Mukubwa. Nilimwambia la Pasaka. Lote, na kwamba mwandiko wako haukuwa na kosa. Alivua miwani, akaipangusa vumbi. Akasema, "Mama yako nilikuwa namuombea asamehewe ile. Sasa nitamuombea kingine." Halafu akasema, kama mtu anayeagiza sabuni, "Noeli utabeba na batoto ba Lubero."

Baba alisikia. Alikwenda nyuma ya basi, akakaa huko muda.

Wasingya, asante, Mama. Nisamehe kwa kukuachia peke yako yale magoti ya Bungulu. Sikuandikii ili unijibu kwamba si kitu, juu ya kilikuwa kitu. Pumzika sasa, usisimame tena mlangoni kutungoja.

Watoto wa Lubero ni makumi mbili. Kesho asubuhi napanda kuomba vitenge, na nyumba ya kwanza ni ya mtu ambaye hatujawahi kumwona, wanasema ana mbwa na hapendi wageni. Nakuahidi hivi: nitabisha. Wasipofungua, nitabisha kwa nguvu zaidi.

Mtoto wako,
Masika