Nilifuta Chaki ya Mdogo Wangu

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu ndiyo siku ya mdogo wangu kwenda kliniki na safari hii amesema haendi. Mimi ni fundi cherehani, nina duka la vyerehani viwili na meza ya kukatia, na huyu mdogo wangu ndiye tuliyekuwa tukimwita Mkasi, maana alikata suruali huku anapiga soga na wala hakosei, hadi skizofrenia ilipompata akaanza kusikia sauti, na dawa zilipozituliza hizo sauti kichwa kikabaki kizito, ukimtuma uzi mweusi anafika mlangoni ameshasahau, basi miaka sita mimi ndiye kichwa chake, namkumbusha dawa, namkumbusha kula, namkumbusha hata alichotaka kusema.

Mwaka huu kliniki wakamwanzishia mazoezi ya ubongo, anakaa mbele ya kompyuta anasikiliza milio aseme upi umepanda upi umeshuka, anashika orodha za maneno, na muuguzi anamfundisha kuyatumia mazoezi hayo nyumbani, nami nikacheka kwamba mtu mzima anachezeshwa gemu, lakini Mshauri, wiki ya kumi alirudi akanisimulia kichekesho alichokisikia njiani, mwanzo mwisho, na akacheka kabla yangu, nikakimbilia chooni kulia kwa furaha.

Wiki iliyopita akaomba amkatie suruali mwalimu mkuu, akachora chaki urefu inchi arobaini na mbili bila kufungua daftari la vipimo, akasema anakumbuka, kisha akatoka kununua vifungo. Nikaogopa amekosea. Nikajiambia mwalimu ni thelathini na tisa, nikafuta chaki yake nikachora yangu, naye aliporudi akakata palepale. Mwalimu alipoivaa, soksi zote nje, watu wakacheka, mwalimu mwenyewe akacheka, ila Mkasi aliweka mkasi mezani akasema, "Dada, kichwa kimenidanganya tena. Mazoezi basi."

Nilipofungua daftari nikakuta arobaini na mbili. Thelathini na tisa ni ya kinyozi wa jirani. Siku ya nne leo nimenyamaza. Nikisema, atanichukia, nisiposema, ataacha. Nifanyeje?

Dada wa Mkasi

Dada wa Mkasi,

Hongera, pole, na una kesi. Nimecheka hadi chai ikanipalia, kisha nikakasirika. Kichwa kilichokosea dukani ni chako wewe usiyeumwa kitu, na anayetumikia adhabu ni yeye. Kweli nyani haoni kundule.

Kabla ya kukujibu nimempigia daktari wa akili ninayemwamini. Anasema mazoezi hayo si muujiza, hayachukui nafasi ya dawa, wala hayamsaidii kila mtu kwa kiasi kilekile. Ila ubongo wa mtu mzima, hata mwenye skizofrenia, bado unajifunza, na ukizoezwa kushika mambo, sehemu zake zinaweza kuanza kusaidiana vizuri zaidi. Faida yenyewe inaonekana zaidi mtu akitumia alichojifunza kwenye kazi halisi. Sasa wewe, kila akitaka kuutumia ubongo wake, unamtangulizia wako. Miguu haipati nguvu kama mtu anabebwa mgongoni kila siku.

Woga wako naujua. Kuwa kichwa cha watu wawili miaka sita si mchezo, na ulimpenda vizuri. Lakini kazi hiyo sasa imekwisha, mama, shukuru Mungu.

Leo hii, usingoje Jumapili, fungua daftari mbele yake, umwonyeshe arobaini na mbili, useme: "Ulikumbuka wewe, nikafuta mimi." Usiongeze neno "lakini". Akinuna mwache anune, ana haki yake. Suruali ya pili aikate yeye, nawe uende kwa mwalimu mkuu ukakiri kwa mdomo wako. Jumatatu msindikize hadi mlango wa kliniki, urudi dukani.

Kisha chagua kitambaa kizuri, ukae kwenye kiti, umwombe akukatie gauni kwa vipimo vyako anavyovikumbuka tangu kabla hajaugua. Futi ya kupimia ifungie kabatini. Likikubana kiunoni, kabla hujalaumu kichwa cha mtu, jiulize umenenepa kiasi gani tangu miaka sita iliyopita. Na likikukaa vizuri, uje nalo hapa ofisini umelivaa, wewe na fundi wako.