Fildi ya Ghati kwa Mzee Waitara

Jumatatu, 3 Juni 2013

Leo nimevaa tai yangu ya harusi darasani. Nilikuwa bosi. Wanafunzi wangu wa umeme wakaingia mmoja mmoja kuomba kazi — na mimi nimekaa, najiona mkurugenzi! Somo: mpe bosi mkono, ubane, mwangalie usoni, toa sauti. Nelson alinibana mpaka pete ikaniuma. Mokami alisalimia dirisha. Ghati ndiye kapata alama zote. Mkono wake ni wa mtu aliyeponda mawe.

Bosi wa kweli mimi sijawahi kumwomba kazi. Nilitoka dawati la mwanafunzi nikahamia la mwalimu. Ila tai ilinikaa.

Alhamisi, 6 Juni

Nelson kaacha chuo, kaenda mashimoni. Eti dhahabu haiulizi cheti. Ningemjibu nini, na viatu vyangu hivi vinavyocheka?

Ghati kabaki baada ya kipindi. Bila fildi, yaani mafunzo ya kazini, hakuna cheti, na karakana zote alizoomba zimemkataa — mwanamke na mota wapi na wapi. Mumewe, Ryoba, kasema akikosa pa kufanyia fildi mwezi huu, basi, arudi Kewanja kuponda mawe. Machozi yalikuwa karibu. Nikapiga kifua: niachie mimi!

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata! Karakana iko Matongo, inasuka upya nyaya za mota za makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Mwenyewe anaitwa Mzee Waitara. Nilimpa shikamoo, nikajieleza Kiswahili chote ninachokijua. Akauliza kitu kimoja tu, kama mwanafunzi wangu anaiba. Nikasema haibi. Imetosha.

Ghati sijamtajia jina la bosi. Nataka ashangae. Nimejinunulia soda kujipongeza.

Jumatatu, 10 Juni

Ameshangaa.

Mzee alikuwa mlangoni. Nikamnong'oneza Ghati: mkono! macho! Ghati kavuta kitenge usoni, kakimbilia nyuma ya jenereta. Nikamfuata, nikamshika bega, nikamwambia asiniaibishe — Mungu anisamehe. Akasema taratibu kwamba yule ni mdogo wa baba yake Ryoba. Baba mkwe! Hampi mkono, hamtazami usoni, hasemi naye ana kwa ana. Na mzee mwenyewe, na mvi zake zote, alikuwa keshajificha nyuma ya choo.

Mimi Mjaluo, nikimwona mama mkwe pale sokoni Sirari naruka mtaro! Mimi nilishindwaje kuuliza? Aa, nilikuwa nafundisha macho.

Baadaye mzee kaniita pembeni. Msichana abaki, maana mafundi wake wote wamekimbilia mashimoni. Ila yeye atakaa nje, msichana ndani, na maneno yapitie kwangu.

Jumanne, 11 Juni

Nimekuwa simu. Ghati ndani, mzee nje, mimi mlangoni; Ghati ndiye kaanza:

"Mwalimu, mwambie shikamoo."
"Mzee, shikamoo."
"Mwambie marahaba. Mwambie aanze na ile mota nyekundu."
"Ghati, anza na nyekundu."
"Mwambie nimesikia."

Wote Wakurya, wote wanasikiana, na mkalimani ni Mjaluo! Mteja mmoja kaniuliza posa imefikia wapi.

Lakini mota ikazunguka. Mzee kaisikiliza kwa nje, akasema mwambie si mbaya. Nikaongeza chumvi: amesema nzuri sana! Mzee akaguna kwamba hakusema hivyo.

Jumatano, 12 Juni

Naandika nimekaa juu ya kreti la soda nje ya karakana.

Asubuhi mota ya karasha iligoma. Ghati alikuwa ndani anapima. Mzee uvumilivu ukamshinda, akaingia mwenyewe, uso kaugeuzia ukutani, akapeleka mkono kwenye nyaya akidhani swichi kubwa imezimwa. Haikuzimwa! Nikasikia Ghati anaita: Mwalimu! Mwambie atoe mkono! Na mwalimu yuko wapi? Barabarani, ananunua maandazi. Mdomo umejaa.

Nilipofika mbio Ghati alikuwa keshamdaka mwenyewe. Kambana mkono, kamvuta nyuma, anamwangalia usoni, anapiga kelele, "Tata, umeme!" — tata, yaani baba. Mkono, macho, sauti. Yote niliyomfundisha, kwa mtu asiyetakiwa kumfanyia hata moja.

Wakaachiana kama walioshika sufuria ya moto. Mimi nilikuwa bado nimeshika andazi.

Sasa mzee kaita ndugu zake. Wamekaa kwenye baraza ya duka la jirani, Kikurya kinakwenda mbio, nashika jina la Ryoba tu. Mteja mmoja ananitafsiria: kuna anayetaka mbuzi wa kuondoa aibu, kuna anayetaka msichana afukuzwe leo leo. Wakisema mbuzi atoe mwalimu, nitatoa, hata nikiuza tai. Wakimfukuza, kosa ni langu na atakayeponda mawe ni yeye. Naogopa kweli.

Ryoba kafika na pikipiki. Hakunisalimia.

Nimechungulia ndani. Ghati kazima swichi, anakaza nati. Nimemwambia apumzike kidogo. Kasema hii mota ni ya watu, inasubiriwa.

Mzee kainuka! Anakuja huku. Nimesimama, niko tayari kupeleka ujumbe. Kanipita. Hakusema "mwambie". Yuko mlangoni, uso kaugeuzia barabarani, anakohoa, na sasa anaongea, na anayeongea naye si mimi, ni Ghati mwenyewe —